Nani Aliyechelewa?

Kila inapozungumzwa kansa ya mlango wa kizazi, hakosekani mtaalamu wa kutuambia kwamba akina mama wetu "huchelewa kufika hospitali". Nimeusikia usemi huo semina, redioni, hata kanisani. Husemwa kwa upole, lakini ni shtaka, na mshtakiwa mara nyingi yuko kaburini. Mimi naukataa.

Shangazi yangu wa Nangwa, chini ya mlima Hanang, hakuchelewa. Alianza kutokwa na damu mwaka 2013, miaka mingi baada ya kukoma hedhi, na wiki ile ile alikwenda kituo cha tiba. Akapewa vidonge. Akarudi, akapewa vidonge vingine. Mara ya tatu alipimwa malaria. Daftari lake ninalo: safari tatu, miezi minane, na hapana palipoandikwa kwamba mtu alimwambia apande kitandani amtazame. Kumtazama kunataka spekulamu, taa, pamba na siki hafifu. Mlango wa kizazi ukipakwa siki, sehemu iliyoanza kuharibika hugeuka nyeupe. Kansa iliyokwisha kukua haihitaji hata hiyo siki. Huonekana kwa macho.

Alipofika Taasisi ya Saratani Ocean Road, mwaka 2014, ugonjwa ulikuwa umegusa ukuta wa nyonga, yaani hatua ya tatu. Wakati ule hapakuwa na hospitali nyingine ya umma nchini iliyotoa mionzi. Bugando ya Mwanza ilianza baadaye. Daktari alitueleza vizuri, nami nayaandika kwa kuwa si wengi wanaoelezwa. Kuna mionzi ya nje, siku tano kwa juma, kwa majuma matano hivi, pamoja na dawa ya sisplatini mara moja kwa juma ikiwa figo bado ni nzima. Kisha kuna mionzi ya ndani, inayowekwa kwenye mlango wa kizazi wenyewe. Yote yamalizike ndani ya majuma manane, kwani tiba ikivutwa zaidi ya hapo, kansa hupata nafasi. Hata katika hatua ya tatu wapo wanaopona. Neno hilo alilirudia.

Haya, tupige hesabu ya upande wa pili. Kutoka Nangwa ni Singida, Dodoma, Morogoro, ndipo Dar es Salaam. Mgonjwa asiyelazwa alale wapi miezi miwili? Ale nini? Tuliuza ng'ombe wawili na magunia ya mbaazi. Juma la nne fedha zikaisha, naye akasema, "Mwanangu, nirudishe nikaone mahindi yangu." Tulirudi kwa wiki mbili. Hatukuweza kwenda tena.

Katika vitabu vya takwimu mtu kama huyu huandikwa amepotea. Hakupotea. Alikuwa chumbani kwake, akiumwa bila mofini, binti zake wakimfulia vitambaa usiku ili majirani wasione. Basi tunaposoma kwamba wagonjwa kadhaa kwa mia walipata nafuu, tukumbuke kwamba mara nyingi wanaohesabiwa ni wale waliofika na waliorudi kuonekana. Shangazi hayumo.

Sikatai kwamba wapo wanaoona haya, au wanaoanzia kwa mganga wa kienyeji. (Mganga wa kienyeji, ndugu msomaji, walau humketisha mgonjwa akamsikiliza.) Chanjo ya virusi vya HPV, iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, naishangilia, na wajukuu zake wameipata. Lakini haimfai mama wa miaka 50 anayetokwa na damu leo. Shirika la Afya Duniani liliweka lengo mwaka 2020: ifikapo 2030, wanawake 90 katika kila 100 waliogunduliwa wawe wanatibiwa. Vema. Nauli na malazi vihesabiwe basi kuwa sehemu ya tiba, na kila zahanati iulizwe spekulamu yake iko wapi na mara ya mwisho ilichemshwa lini. Na kabla mtu hajasema tena kwamba mama huyu amechelewa, afungue kwanza daftari lake ahesabu safari alizokwenda.