Anayempa Mwenzake Wimbo Ampe na Maneno Yake

Waswahili husema kipendacho moyo ni dawa. Methali hii hutajwa sana panapozuka mjadala wa nyimbo, na mara nyingi ndiyo inayoufunga mjadala wenyewe. Huyu anapenda taarabu, yule anapenda dansi ya zamani, mwingine haoni raha ila kwa genge na bongo fleva. Basi kila mtu na lake. Hata hivyo, katika mabweni ya vyuo vikuu nchini Kenya nyimbo hazikai kwa mwenyewe. Kila jioni hupokezanwa kutoka simu moja hadi nyingine, na kila atoaye huapa kwamba wimbo wake ndio wimbo. Kasoro hujitokeza pale mpokeaji anapouliza. Akitaka kujua umetungwa na nani, hupewa jina la mwimbaji peke yake. Akitaka kujua maana ya neno fulani, hujibiwa kwamba neno halijulikani ila mdundo ni mtamu.

Jibu hilo halina lawama kwa msikilizaji wa kawaida. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, ambaye amejitwika kazi ya kuichunguza lugha hii, ni upungufu mkubwa. Wimbo uliotolewa bila maneno yake na bila jina la aliyeutunga ni zawadi iliyokatwa nusu, na nusu iliyobaki nyuma ndiyo iliyo mali ya fani yake.

Mfano ulio karibu ni wa Mombasa. Diwani ya Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir Juma Bhalo, iliyochapishwa mwaka wa 1971, si ngeni katika mihadhara ya ushairi. Wanafunzi huhesabu mizani yake, hutenga ukwapi na utao, kisha huandika insha kuhusu hekima ya malenga huyo. Wanafunzi hao hao huweza kumsikiliza Mohamed Khamis Juma Bhalo, mwimbaji mashuhuri wa taarabu aliyefariki mwaka wa 2014, bila kutambua kwamba miongoni mwa nyimbo zake zimo zilizotungwa na malenga yule yule wa darasani, ambaye alikuwa jamaa yake. Vivyo hivyo, Zein l'Abdin, bingwa wa udi aliyezaliwa Lamu, aliimba tungo za Ahmed Sheikh Nabhany, ambaye wanafunzi humjua zaidi kwa juhudi zake za kuunda istilahi za Kiswahili. Katika taarabu ya pwani ni jambo la kawaida mmoja kutunga na mwingine kuimba. Asiyeujua utaratibu huu humpa mwimbaji sifa zote, na mtunzi akasahaulika hali maneno yake yangali midomoni mwa watu.

Gharama ya usahaulifu huo imekwisha kuonekana. Wimbo wa Malaika ulivuma nchini Kenya kwa sauti ya Fadhili William, kisha ukavuka bahari. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba katika sahani yao ya santuri ya mwaka wa 1965, na baada yao wakaja waimbaji wa mataifa mengi. Hata hivyo, suala la nani hasa aliyeutunga liligeuka kuwa ubishi wa miaka mingi, huku Adam Salim akiwa miongoni mwa waliotajwa kuwa ndio wenye wimbo. Huenda hakuna wimbo wa Kiswahili uliosikika duniani kuushinda huo. Lakini ukiulizwa wa nani, majibu hayaafikiani. Ikiwa wimbo mkubwa kiasi hicho umepatwa na hayo, nyimbo ndogo zinazopendwa na kijiji kimoja au mtaa mmoja zitasalimika vipi?

Wapo watakaosema kwamba si kila wimbo unastahili kuhifadhiwa, na kwamba nyimbo za vijana za Nairobi na Dar es Salaam ndizo zinazoiharibu lugha. Hoja hii ina mashiko yake, kwani haikosekani mifano ya nyimbo zilizojaa matusi na maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Lakini hukumu haitolewi kabla ya ushahidi kusikilizwa. Kalamashaka, vijana wa Dandora, walipotoa Tafsiri Hii katika miaka ya mwisho ya karne ya 20, waliieleza dhiki ya mtaa wao kwa Kiswahili wakati ambapo vijana wengi waliamini kwamba mtindo huo hauwezi kuimbwa ila kwa Kiingereza. Katika Ndio Mzee, Professor Jay wa Tanzania alijivika nafsi ya mwanasiasa anayemwaga ahadi zisizotekelezeka huku umati ukimwitikia. Mwalimu wa fasihi simulizi anayetafuta mfano wa kejeli au wa mwitikio wa hadhira hana haja ya kwenda mbali. Aidha, vijana hawa hufuatisha vina mwishoni mwa mishororo yao kwa uangalifu ambao mshairi wa kimapokeo angeutambua mara moja, japokuwa mizani wameiachia mdundo.

Dharau hiyo haiko upande mmoja. Vijana nao huziita nyimbo za dansi na taarabu nyimbo za wazee, wakazipita kama wapitao kaburi. Mwanafunzi ambaye saa saba mchana humkuta mjini na mfuko mtupu angeushangaa wimbo wa Lunch Time wa Gabriel Omolo, uliotoka katika miaka ya 1970. Humo mtunzi anaeleza kwa ucheshi jinsi wafanyakazi wa Nairobi wanavyoipitisha saa ya chakula wasipokuwa na pesa za chakula. Magitaa ni ya zamani, lakini njaa ni ile ile. Angeusikia mara moja tu, angejua kwamba babu zake hawakuwa wageni katika mambo yake.

Hoja nyingine ni kwamba kuuandika wimbo na kuuchambua ni kuuondolea utamu. Ukweli ni kinyume cha hayo. Mtu wa bara anayesikiliza wimbo wa Lamu huweza kusikia neno "ndoo" na kudhani kwamba mwimbaji anazungumzia chombo cha kutekea maji, kumbe katika Kiamu hiyo ndiyo "njoo", kama vile "ndia" ilivyo "njia" na "mato" yalivyo "macho". Aliyekuwa akifikiria kisima, ghafla anagundua kwamba mpenzi anaitwa. Je, utamu umepungua au umeongezeka? Somo la lahaja ambalo darasani huonekana kavu hupata uhai kwa neno moja la wimbo.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina uwezo wa kulitenda jambo hili bila kungoja fedha wala ruhusa. Kila kikao kingeweza kutengewa robo saa, na mwanachama mmoja akaleta wimbo anaoupenda. Masharti yawe machache. Kwanza, aje na maneno yake yaliyoandikwa kwa mkono wake mwenyewe baada ya kuusikiliza, si kwa kunakili makosa ya wengine. Pili, ataje mtunzi, mwimbaji, mahali na mwaka. Asipolijua mojawapo, pengo hilo liachwe wazi ili mwingine alijaze. Tatu, mara ya pili alete wimbo wa aina asiyoizoea: wa taarabu alete genge, wa genge alete dansi. Maandishi hayo yawekwe katika daftari la chama, na wahadhiri waombwe kuyasahihisha kama wanavyosahihisha insha. Kukutwa na kosa si fedheha. Neno lililoandikwa vibaya huweza kurekebishwa, lakini ambalo halikuandikwa halina wa kulirekebisha.

Muda wenyewe hausubiri. Bi Kidude alifariki mwaka wa 2013, Zein l'Abdin akamfuata mwaka wa 2016, na Nabhany mwaka wa 2017. Sauti zao zimehifadhika, lakini watu waliokuwa wakiulizwa "hapa alimaanisha nini?" wanapungua kila mwaka. Siti binti Saad alibahatika kwamba Shaaban Robert aliuandika wasifu wake. Ndiyo maana leo anajulikana hata na wasiopata kuisikia santuri yake moja. Si kila mwimbaji atakayempata Shaaban Robert. Lakini kila mmoja anaweza kumpata mwanafunzi mmoja mwenye kalamu, aliyeupenda wimbo wake kiasi cha kutaka kujua unasema nini.

Moyo na uendelee kupenda unachopenda. Ila dawa nayo haitolewi bila maelezo: hutajwa jina lake na aliyeichanganya. Mwanafunzi wa Kiswahili atakayempa mwenzake wimbo leo jioni ampe na maneno yake.