HALALI NA TWAYYIB: NANI ATAHOJI BIZARI ISIYO NA LEBO?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake.

Ndugu msomaji, kwa miaka mingi imekuwa ikipita katika misikiti ya pwani yetu, kuanzia Kilwa Masoko na Kivinje hadi Lindi mjini, karatasi iliyotolewa nakala mara nyingi mno hata maandishi yake yamefifia. Ndani yake mna orodha ya namba zinazoanza na herufi E, na mbele ya kila namba limeandikwa neno moja: halali, haramu, au shaka. Wapo ndugu wanaoihifadhi karatasi hiyo mfukoni na kuitoa kila wanaposimama mbele ya kaunta ya duka. Nia yao ni njema na Allah awalipe kwa nia hiyo. Lakini tunaona kwamba karatasi hii imeyavuta macho ya Waislamu upande mmoja, ilhali hatari iliyo kubwa zaidi inaingia kwa mlango wa pili, na mlango huo hauna namba wala lebo.

Kwanza tuseme neno juu ya namba zenyewe. Herufi E ni alama ya Ulaya, na namba inayofuata ni jina fupi la kiongezi kilichokubaliwa kutumika katika chakula huko. Si hukumu ya sharia wala si alama ya sumu. E100 ni rangi itokanayo na manjano, hii hii tunayotia katika mchuzi wa samaki. E300 ni vitamini C. Zipo namba ambazo Muislamu ana haki kamili ya kuzihoji: E120 ni rangi nyekundu itokanayo na wadudu, na E471 ni mafuta ambayo asili yake huweza kuwa mmea au mnyama, na lebo peke yake haitakueleza ni mnyama gani wala amechinjwa vipi. Hapo kuuliza ni wajibu.

Ama E330, ambayo orodha nyingine huitaja kwa kutisha kuwa inaleta saratani, hiyo ni asidi iliyomo ndani ya ndimu. Chanzo cha uvumi huo kinajulikana. Mwaka 1976 ilianza kusambazwa nchini Ufaransa karatasi iliyodai kutoka katika hospitali ya Villejuif, yenye sifa ya kutibu saratani. Hospitali ikakanusha, na karatasi ikaendelea kusafiri. Inadhaniwa kwamba aliyeiandika alichanganya jina la mwanasayansi Krebs, aliyeeleza namna asidi hiyo inavyofanya kazi mwilini, na neno la Kijerumani lenye maana ya saratani. Hivyo basi Muislamu wa Kilwa anayeikimbia E330 katika chupa ya sosi, kisha akaenda nyumbani kula achari ya ndimu, amekimbia jina tu. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakiki habari kabla ya kuitendea kazi, na amri hiyo haikutoa ruhusa maalumu kwa habari inayopigwa chapa na kugawiwa mlangoni baada ya swala ya Ijumaa.

Sasa tuje kwenye mlango wa pili.

Mwaka 2019 watafiti walichapisha uchunguzi wao juu ya manjano nchini Bangladesh, nchi ambayo wananchi wake walio wengi ni ndugu zetu Waislamu. Walianza na swali la kitabibu: kwa nini wajawazito wa vijijini, wanaoishi mbali na viwanda, walikuwa na madini ya risasi katika damu zao? Ufuatiliaji uliwafikisha jikoni, kwenye kijiko cha manjano. Wasindikaji walikuwa wakiyapaka mizizi au kuutia unga wake kromati ya risasi, rangi ya njano kali ambayo kazi yake halisi ni kupaka samani na magari. Ada hiyo ilianza katika miaka ya 1980, baada ya mafuriko kuyaharibu manjano yakafifia rangi. Mnunuzi alitaka njano inayong'aa, na mfanyabiashara akampatia. Huyu hakukusudia kuua mtu. Alitaka tu mzigo wake usikataliwe sokoni.

Risasi haina harufu, wala haibadilishi ladha ya mchuzi, na moto wa jiko hauiondoi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtu mzima hupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo. Kwa mtoto hudhoofisha ubongo unaojengeka, naye hukua akiwa mzito wa kufahamu, na wazazi na walimu wake humwita mvivu. Msiba huu hauna kilio wala matanga, na kwa sababu hiyo hakuna anayeutafuta.

Tunalieleza jambo la Bangladesh kwa urefu kwa sababu mwisho wake una faida. Serikali ya nchi hiyo ilitangaza matokeo, ikawaonya wananchi, ikaingia katika soko kuu la viungo la mji wa Dhaka ikiwa na kifaa cha kupimia, ikakamata shehena na kuwatoza faini wauzaji. Mwaka 2019 sampuli 47 katika kila 100 za manjano ya sokoni zilikutwa na risasi. Kufikia mwaka 2021 haikupatikana hata moja. Miaka miwili tu ilitosha kuiondoa ada iliyodumu kwa kiasi cha miaka thelathini!

Wala asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya nchi masikini. Februari 2005 zaidi ya aina 400 za vyakula ziliondolewa madukani Uingereza, kwa sababu sosi moja ilitengenezwa kwa pilipili ya unga iliyotiwa Sudan 1, rangi nyekundu ya viwandani isiyoruhusiwa katika chakula. Na mwaka 2023 mamia ya watoto nchini Marekani waligundulika kuwa na risasi baada ya kula rojo la matofaa lililotiwa mdalasini. Wachunguzi walipofuatilia mdalasini ule, vijiti vyake vilivyotoka Sri Lanka vilikutwa havina dosari, na risasi ikaonekana baada ya mdalasini kusagwa nchini Ecuador. Msomaji aizingatie nukta hii ya kusagwa.

Katika pwani yetu, viungo vingi vya mpishi siku hizi hufika vikiwa unga. Manjano, pilipili, bizari ya pilau na mdalasini hufunguliwa kutoka katika gunia au mfuko mkubwa, vikapimwa kwa kijiko na kufungwa katika vifuko vidogo vya plastiki. Kifuko hicho hakina jina la msagaji, wala tarehe, wala mahali kilikotoka. Ndugu yetu mwenye karatasi ya namba hawezi kukihoji, kwa kuwa hakina cha kusomwa. Na chombo chochote kisichosomeka ndicho mghushi anachokipenda.

Haikuwa hivi tangu asili. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kuwakuta watu wake wakifuata madhehebu ya Imamu Shafi, alikuwa ametangulia kupita Mogadishu, na huko akaeleza namna wenyeji walivyokula wali pamoja na ndimu na pilipili zilizotiwa achari, tangawizi mbichi na maembe. Kila kitu katika sinia lile kilionekana kwa umbo lake, tunda ni tunda na mzizi ni mzizi. Kinu na mchi wa bibi zetu vilikuwa chombo cha ukaguzi kwa sababu aliyesaga ndiye aliyekula.

Lipo jambo la tatu, na hili halihitaji mghushi. Ni unyevu. Hewa ya Kilwa na Lindi ni nzito, na masika hayamsubiri mtu amalize kuanika. Pilipili, tangawizi, kungumanga na karanga zikianikwa juu ya ardhi tupu au kufungwa kabla hazijakauka, huota ukungu unaotoa sumukuvu. Sumu hii huliathiri ini na huleta saratani yake. Ikizidi huua kwa muda mfupi: mwaka 2004 watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya kwa mahindi yenye sumukuvu, na mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki katika maeneo ya Dodoma na Manyara hapa kwetu. Yale yalikuwa mahindi, ambayo mtu hula sahani nzima, na kiungo huliwa kwa kijiko. Lakini kijiko hicho hurudi kila siku kwa umri wote. Kuchemsha na kukaanga hakuimalizi sumu hii. Kusaga nako huificha, kwa kuwa punje yenye ukungu uliyoweza kuitupa haionekani tena ndani ya unga.

Hapa ndipo tunapoikumbuka hadithi aliyoipokea Abu Huraira (r.a.), iliyomo katika Sahih Muslim. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye rundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, na vidole vikakuta umajimaji. Muuzaji akajitetea kwamba ni mvua ndiyo iliyolowesha. Mtume (s.a.w.) hakumshitaki kwa mvua. Alimhoji kwa nini asikiweke juu kile kilicholowa watu wakione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Masheikh wetu huisoma hadithi hii kwa ajili ya mizani na vipimo. Sisi tunaomba isomwe pia kwa herufi zake: chakula kilichonyweshwa, kikafichwa chini ya kikavu, na mkono wa kiongozi ukaingia ndani ya rundo. Kwa elimu ya leo tunajua kilichokuwa kikiweza kuota mle ndani.

Na nani anayeuza bizari katika masoko yetu? Nani mwenye mashine ya kusaga? Nani anayelowesha karafuu ili ipate uzito, au kutia mchanga katika ufuta unaopelekwa ghalani? Tusizungukezunguke. Katika mwambao huu wengi wao ni watu wa safu ya mbele msikitini, na baadhi yao ndio wenye kukereka zaidi wakisikia jina la jelatini. Mtu huyu hujitetea kwamba aliununua mzigo ukiwa hivyo hivyo. Mafakihi hawakuikubali hoja hiyo kwa mwenye kuijua aibu ya bidhaa yake: akiificha ana dhambi, na mnunuzi ana hiari ya kuirudisha. Suratul Baqara, aya ya 168, imeunganisha halali na twayyib katika amri moja. Manjano ni halali kwa asili yake, lakini manjano yaliyopakwa rangi ya samani si twayyib, na kuyauza ni ghushi, hata kama aliyeyauza amechunga kila namba ya ile karatasi.

Ama serikali nayo ina sehemu yake. Udhibiti wa chakula ulikuwa mikononi mwa TFDA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na mwaka 2019 ukahamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Wadau wengi wa vijijini bado hutaja jina la zamani. Tunaitaka TBS, pamoja na maafisa afya wa wilaya, wachukue sampuli za manjano na pilipili za unga katika masoko ya Kilwa na Lindi, kisha watangaze matokeo hadharani kwa namba, kama ilivyofanyika Dhaka. Tunazitaka pia kamati za misikiti zisingoje. Hisba ilikuwa kazi ya Waislamu kabla haijawa idara: akina mama wa kila mtaa wanaweza kununua viungo vizima kwa pamoja, wakavichambua, wakavikausha juu ya jamvi au turubai, na kusaga kwa mashine wanayoijua. Mzizi wa manjano unaong'aa njano kupita kiasi na kuacha rangi kavu vidoleni usinunuliwe, maana Bangladesh walipaka hata mizizi.

Kuhusu vitamu vya kemikali katika sosi na achari za chupa, kama sakarini na aspatame, hatuna maneno mengi. Vimewekewa viwango, na mwenye kusoma lebo atavikuta. Jambo la kumfunza mtoto ni kwamba nyanya haina utamu wa namna ile.

Imebaki chumvi, ambayo ni yetu wenyewe. Ukanda huu wa Kilwa, Lindi na Mtwara una mashamba ya chumvi inayokaushwa kwa jua, na wapo wanaoamini kwamba kwa kuwa imetoka baharini ina madini joto ya kutosha. Sivyo. Madini hayo hayabaki katika chumvi ya jua kwa kiasi kinachomfaa binadamu, na ndiyo maana tangu katikati ya miaka ya 1990 sheria imetaka chumvi ya kula itiwe madini joto. Upungufu wake huleta rovu, huharibu mimba na hupunguza akili ya mtoto kabla hajazaliwa. Hapa kosa ni kinyume cha yale tuliyoyaeleza: kiongezi ndicho kinachotakiwa, na anayekiacha ndiye anayepunguza haki ya mlaji. Mwenye shamba la chumvi asipakie mfuko wa kula kabla ya kuutia dawa yake kwa kipimo, na mnunuzi anayeuziwa chumvi ya debe kando ya barabara amuulize muuzaji swali hilo kabla ya kuuliza bei.

Wabillahi tawfiq.