Kuvunjika kwa Koleo si Mwisho wa Uhunzi

Katika ghala za baadhi ya shule zetu zimo stovu za pampu, zile za shaba ambazo skauti wa miaka iliyopita walizibeba kambini. Nyingi hazina ubovu mkubwa: ngozi ya pampu imekauka, au chuchu ya kichomeo imeziba. Hata hivyo huhukumiwa kufa na kuuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Hukumu hiyo naipinga.

Stovu ya aina hii ilibuniwa nchini Uswidi na Frans Wilhelm Lindqvist mnamo 1892, nayo ikajulikana kwa jina la Primus. Haina utambi. Pampu husukuma hewa ndani ya tangi, hewa nayo huyakandamiza mafuta ya taa yapande hadi kwenye kichomeo kilichokwisha kupashwa moto kwa spiriti. Hapo mafuta hugeuka mvuke, hupenya katika kitundu cha karibu milimita 0.3 na kuwaka kwa mwali wa buluu. Mwalimu wa fizikia akiifungua mezani, ana somo zima la shinikizo, joto na mvuke.

Watu hulalamika kwamba vipuri vyake havipatikani. Madukani, ni kweli, ni adimu. Gesi imeenea, na mnamo Septemba 2018 mafuta ya taa yalitozwa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuzuia yasichanganywe na dizeli. Mwenye duka naye haweki bidhaa asiyoulizwa. Lakini nani alisema kipuri lazima kitoke dukani? Nilipoitafuta ngozi ya pampu hapa Majengo, Nyeri, niliikosa katika maduka ya vyombo, nikaipata kwa fundi viatu. Alikata kiduara cha ngozi, akakilowesha mafuta, akakifinyanga kwa umbo la kikombe, na pampu ikashika hewa.

Hata hivyo, ubunifu una mipaka, na wanafunzi waifahamu. Mpira wa tyubu haufai kuziba kifuniko cha tangi, kwani huvimba na kulainika ukiguswa na mafuta. Utafutwe ule unaostahimili mafuta, uuzwao kwa ajili ya magari. Kitundu cha chuchu kisitanuliwe kwa msumari, vali ya usalama isizibwe, wala petroli isitiwe katika stovu ya mafuta ya taa. Stovu ya pampu ikipasuka huua. Vipuri hivyo nyeti na vitolewe katika stovu nyingine iliyokwisha kufa. Viwanda vingi viliiga umbo la Primus, hivyo chuchu ya moja mara nyingi huingia katika nyingine, ila ipimwe kwanza. Ndiyo maana anayeiuza stovu mbovu kwa kilo huuza dawa ya stovu nzima.

Ndugu walimu, mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ulianza kwa ahadi ya kumfunza mtoto kutumia mikono yake. Ahadi hiyo hiyo imerudi katika Mtaala wa Umilisi. Haitatimizwa kwa vitabu pekee. Napendekeza kila chama cha skauti kiwe na sanduku la vipuri, na fundi wa jua kali aalikwe darasani, alipwe ujira wake kama mgeni mwingine yeyote mwenye elimu. Ujuzi wake haukuandikwa popote. Akizikwa, unazikwa naye.

Nanyi wanafunzi, kumbukeni mnaishi wapi. Mwaka 1943 mateka watatu Waitaliano, akiwamo Felice Benuzzi, walitoroka kambi ya Nanyuki ili kuukwea Mlima Kenya. Hawakuwa na duka: vyuma vya kukanyagia barafu walivitengeneza kwa mabaki ya chuma, na wawili wao wakafika kilele cha Lenana. Hapa Nyeri ndipo alipozikwa Baden-Powell mwaka 1941, yeye aliyewaachia skauti wa dunia nzima agizo la kuwa tayari. Hawezi kujiita tayari yule ambaye safari yake hukomeshwa na kipande cha ngozi kisichozidi upana wa sarafu.