Duru za Usalama Si Shahidi

Yuko mtu mmoja anayenukuliwa na magazeti yetu kuliko maaskofu wote wa nchi hii. Hana jina, hana cheo, wala haulizwi leo juu ya aliyoyasema jana. Huitwa "duru za usalama". Akisema kijana fulani ni gaidi, kijana huyo huamka gaidi katika ukurasa wa kwanza. Mama yake akieleza kwamba mwanawe alichukuliwa na watu wasiojulikana, huandikwa kwamba "anadai". Duru husema; mama hudai.

Sisi tuliosomea sheria twajua neno la duru lingeitwaje mahakamani. Ni ushahidi wa kuambiwa, na kwa kawaida hakimu huukataa kwa kuwa aliyeutoa hayupo aulizwe maswali. Ni kweli gazeti si mahakama, na ziko nyakati ambapo mwandishi hana budi kumficha anayempa habari. Lakini desturi hiyo iliwekwa imlinde mnyonge anayefichua siri za mwenye nguvu. Kwetu imepinduliwa: humlinda mwenye nguvu anapomchafulia mnyonge jina.

Matunda yake tuliyaonja. Katika msako wa Mwakenya, ulioanza mwaka 1986, makumi ya Wakenya walifikishwa mahakamani Nairobi, wengi bila wakili, wengine baada ya saa za kazi, wakakiri makosa. Magazeti yakaandika kwamba wamekiri. Ni nadra yaliyouliza mtu alikuwa wapi kati ya siku ya kukamatwa na siku ya kukiri. Wengi walikuwa chini ya Nyayo House, katika vyumba vya giza, vingine vimetiwa maji. Wakili Gibson Kamau Kuria alipotaka kuishtaki Serikali kwa ajili ya mateso hayo mwaka 1987, yeye mwenyewe aliwekwa kizuizini. Mwezi Machi mwaka huo mateso hayo yalielezwa na gazeti la Marekani, Washington Post. Tangu mwaka 2010 Mahakama Kuu imeamuru wengi wa walioteswa walipwe fidia. Hatukumbuki mhariri aliyerudi kusahihisha alichokichapisha.

Mtasema hayo yalikuwa ya enzi ya chama kimoja. Haya, tusogee karibu. Desemba 2014, baada ya mauaji ya Mandera, Bunge lilipitisha katikati ya vurugu sheria ya kurekebisha sheria za usalama. Vifungu vyake viwili viliwatishia wanahabari kwa faini ya hadi shilingi milioni 5, kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Wahariri walipaza sauti, na walikuwa na haki. Tarehe 23 Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu walibatilisha vifungu vinane, hivyo viwili vikiwemo. Lakini walikiacha kifungu cha 69, kinachoruhusu vyombo vya usalama kunasa mawasiliano ya watu ili kuzuia ugaidi. Ulizeni Jumapili ijayo, ndugu zetu, ni waumini wangapi wanaojua kwamba kifungu hicho kipo. Kwa maoni yetu, mhariri aliponusurika mwenyewe, aliisahau simu ya msomaji wake.

Woga una sababu. Beyond, jarida la Baraza la Makanisa, lilipigwa marufuku mwaka 1988 na mhariri wake akafungwa. Machi 2006 wavamizi waliofunika nyuso waliingia Standard usiku na kuchoma magazeti. Lakini pamoja na woga iko pia biashara. Serikali ni mtangazaji mkubwa, na mwaka 2015 matangazo yake yaliwekwa chini ya wakala mmoja. Kampuni za simu, zinazohifadhi kumbukumbu za nani kampigia nani, nazo hununua kurasa nzima. Mkono mtupu haulambwi, na hii haikuwa mitupu.

Tusiwanyime haki wanaostahili. Februari 2017 Daily Nation lilifichua mpango wa Mamlaka ya Mawasiliano wa kuunganisha chombo na mitambo ya kampuni za simu, chombo ambacho Mamlaka ilisema ni cha kusaka simu bandia. Shauri likafika mahakamani. Oktoba 2024 Nation likachapisha uchunguzi kuhusu jinsi kumbukumbu za simu zinavyowafikia polisi. Kampuni iliyotajwa ilikanusha, na kanusho likachapishwa. Hakuna gaidi aliyenufaika.

Tunachowataka wahariri ni kidogo. Wakiambiwa kwamba mshukiwa alifuatwa kupitia simu yake, waulize kibali kilitolewa na nani, na lini. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda mawasiliano yetu. Kifungu cha 49 kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Zikipita bila yeye kuonekana, hiyo ndiyo habari ya ukurasa wa kwanza. Nanyi wasomaji, mkiona mtu amehukumiwa na duru, ikateni habari hiyo, andikeni tarehe na ukurasa, kisha mwandikieni mhariri. Asipojibu, ipo Tume ya Malalamiko iliyoundwa chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013. Ipelekeeni barua hiyo hiyo, na jina la mama wa kijana liwe la kwanza kati ya watakaotia sahihi.