Deni la Maiti Halilipwi kwa Hitima

Ndugu msomaji, mara ngapi umesimama nyuma ya jeneza, ukamsikia mmoja wa jamaa akisema kwa unyonge: "Anayemdai marehemu na atuone sisi, na aliyekosewa na amsamehe"? Sote huitikia, kisha tukaenda kuzika. Ni maneno mazuri, na asili yake ni njema. Lakini nakuuliza: mwenye kudai akija kweli, na hati mkononi, hupokewa vipi? Siku ya tatu huambiwa, "Huoni kwamba tuna msiba?" Akirudi baada ya arubaini huambiwa, "Mzee hakutwambia." Akija mara ya tatu hukuta nyumba imeshauzwa, mashua iko kwa ndugu mkubwa, na bidhaa za dukani zimeshagawanywa. Wenye kurithi wamekwenda zao, na deni limebaki shingoni mwa maiti.

Na hapo hapo utasikia kwamba hitima ilikuwa kubwa, mbuzi walichinjwa, na pilau lilitosha mtaa mzima! Fedha zilitoka wapi? Zilitoka katika mali ya marehemu, yaani katika haki ya wanaomdai na katika fungu la mayatima wasioweza kusema lolote. Anayetaka kumlisha mtu kwa ajili ya maiti wake na atoe mfukoni mwake. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 10, Mwenyezi Mungu amewaonya wenye kula mali ya mayatima kwa dhuluma kuwa wanajitia moto matumboni mwao. Je, moto huo huzimika kwa sababu ulipikwa pamoja na wali?

Soma aya mbili zinazofuata, ya 11 na ya 12. Ndizo zinazotaja mafungu ya watoto, wazazi, mume, mke na ndugu. Katika aya mbili hizo tu, Mwenyezi Mungu amekariri mara nne kwamba mafungu hayo hutolewa baada ya wasia na deni. Mara nne! Juu ya hayo, mtu mzima, mwenye kuswali safu ya mbele, anagawa kwanza na kuuliza madeni baadaye.

Wanachuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu huku pwani, wameupanga utaratibu wazi. Kitu kilichowekwa rahani, haki ya aliyewekewa hutangulia. Kisha gharama za maziko kwa kiasi chake, si kwa fahari. Kisha madeni yote, na ndani yake zaka aliyokuwa hakuitoa na Hija iliyomwajibikia asiende. Kisha wasia, usiozidi theluthi ya kilichobaki. Baada ya hayo yote ndipo wanapoitwa warithi.

Tazama walivyofanya waliotutangulia. Zubeir bin Awwam (R.A.) aliuawa mwaka wa 36 wa Hijra, siku ya vita vya Ngamia, naye alikuwa amemuusia mwanawe Abdullah amlipie madeni. Deni lilikuwa 2,200,000 kwa hesabu ya fedha ya zama zao. Watu walikuwa wakimletea amana, naye huwaambia kuwa ataipokea kama mkopo, ili isije ikapotea bila ya yeye kuwa mdhamini. Abdullah aliuza ardhi akalipa. Ndugu zake walipomtaka wagawane kilichosalia alikataa, mpaka atangaze katika msimu wa Hija miaka minne kwamba anayemdai Zubeir na aje alipwe. Miaka minne! Sisi hatungoji hata mjane atoke eda.

Na huyo mjane, nani anayemkumbuka kuwa naye ni mwenye kudai? Mahari yaliyokuwa hayajalipwa ni deni kama deni la duka. Hayakufa na mume. Bali kwa kufa kwake, yaliyokuwa ya baadaye yamekuwa ya sasa. Lakini sisi tumezua desturi mbaya: mwanamke analia, maiti yu mbele yake, na wakubwa wamemzunguka wakimwambia, "Msamehe mumeo mahari yake." Atasema nini naye hana hata pumzi? Aya ya 4 ya sura hiyo hiyo imeshurutisha kuwa mke aachilie kwa ridhaa ya nafsi yake. Neno lililokamuliwa kwa machozi na haya si ridhaa.

Tufanye hesabu, ili asiseme mtu kwamba ni kitu kidogo. Mtu amekufa ameacha mali ya shilingi 500,000, mke mmoja, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike. Maziko ni 20,000, madeni ya watu 100,000, na mahari ya mke 60,000. Hakuna wasia. Zinabaki 320,000. Mke hupata thumuni, 40,000. Mwana wa kiume 140,000, na kila binti 70,000. Basi mjane anaondoka na 100,000: deni lake na urithi wake. Lakini akiambiwa, "Mahari yako yamo humo humo katika thumuni," atapata 47,500 tu. Amenyang'anywa 52,500, na walionyang'anya wanaiita hiyo mirathi ya Kiislamu!

Sasa nageukia kwa mwenye kudai, maana naye ana makosa yake. Haki yako iko katika mali iliyoachwa, haiko katika jasho la mayatima. Mali ikimalizika kabla ya deni kwisha, mjane na watoto hawalazimiki kulipa kilichobaki, isipokuwa walidhamini wenyewe. Wakilipa kwa mapenzi yao, ni wema kwa mzazi wao. Wewe unayempelekea mjane vitisho mlangoni naye yumo edani, unadai kwa sheria gani? Jabir bin Abdillahi (R.A.) aliachiwa na babake, aliyekufa shahidi Uhud, madeni pamoja na dada wa kulea. Mtume (S.A.W.) aliwaombea kwa waliodai wachukue matunda ya shamba na wasamehe yaliyozidi. Walipokataa, alifika mwenyewe shambani, Mwenyezi Mungu akatia baraka katika tende, wakalipwa wote na nyingine zikabaki. Hakumwambia Jabir awakimbie wadai, wala hakuona haya kuwaombea huruma.

Basi ufanyeje, ndugu msomaji? Kwanza, andika ungali hai. Aya ya 282 ya Surat Al-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ni ya kuandika deni na kushuhudiza. Andika unachodai, unachodaiwa, na mahari ya mkeo. Pili, maiti akiondoka, mali isiguswe mpaka apatikane msimamizi na madeni yahesabiwe. Tatu, mkigombana, msiachie ugomvi kwa ndugu mwenye sauti kubwa. Kenya iko Mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba ya 2010, kifungu cha 170, imeipa mambo ya ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu waliokubali kwenda mbele yake. Zanzibar kuna Mahakama ya Kadhi, na Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Tanzania Bara, Mahakama ya Mwanzo huteua msimamizi wa mirathi ya Mwislamu. Chukueni hati zenu na mashahidi wenu mwende.

Na atakayesimama kesho kutangaza mbele ya jeneza, na ajue kwamba amejitwika dhima mbele ya Mola wake. Kama hana nia ya kulipa, heri anyamaze.

Mwenyezi Mungu atuondolee tamaa ya mali isiyokuwa yetu, awasamehe maiti wetu na awahifadhi mayatima wao. Amin.