SUKARI ICHUNGWE, MAJI YATOLEWE

Wahenga walisema: chovya chovya humaliza buyu la asali. Ndivyo afya ya mfanyakazi inavyoliwa kidogo kidogo: kikombe cha chai asubuhi, soda mchana, kikombe kingine jioni, wala hakuna ahesabuye.

Na tuhesabu basi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari itiwayo katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na ya maji ya matunda yaliyokamuliwa, isifikie sehemu moja katika kumi ya nguvu aipatayo mtu kwa chakula chake. Kwa mtu mzima wa kadiri ni gramu 50 hivi kwa siku. Ikipungua chini ya 25 ni bora zaidi. Soda yenye gramu 10 za sukari katika kila mililita 100 humpa amalizaye chupa ya mililita 350 gramu 35, yaani karibu vijiko 9 vya chai. Akiongeza vikombe viwili vya chai, kila kimoja vijiko vitatu, amekwisha kuvuka mpaka kabla hajala andazi. Malipo yake ni meno kuoza, unene, na hatari ya ugonjwa wa kisukari.

Hatusemi soda iondolewe arusini, wala hatuwabezi ndugu zetu wakulima wa miwa wa Kilombero na Mtibwa. Twasema kwamba kiu ya kazi dawa yake ni maji.

Lakini ni dhuluma kumlaumu mfanyakazi peke yake. Mwashi achomwaye na jua la Dar es Salaam, mahali pasipo mfereji wa maji safi, atanunua kilicho karibu naye. Mkataba Namba 120 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, wataka wafanyakazi wa biashara na maofisi wapatiwe maji safi ya kutosha, au kinywaji kingine kifaacho. Limfaalo karani lamfaa pia mwashi na mpagazi.

Kwa hiyo twawahimiza viongozi wa matawi na wa vyama vya wafanyakazi wadai maji safi ya kunywa kila mahali pa kazi. Nasi sote, ndugu wananchi, tupunguze kijiko kimoja katika kikombe, na soda tuiweke kwa siku ya sherehe. Mshahara uliotolewa jasho usinunue maradhi.