Fremu ya BMX huchaguliwa kwa kazi yake

Fremu ya BMX huchaguliwa kwanza kwa kazi yake, rangi baadaye. Mbio za njia ya udongo, zilizoingia Olimpiki mwaka 2008 mjini Beijing, zinadai mwondoko wa haraka getini. Ndiyo maana fremu zake nyingi ni za alumini au kaboni, na sehemu ya nyuma ni ndefu kidogo ili baiskeli itulie kwenye kasi.

Mtaani mambo ni mengine. Huko baiskeli huburuzwa juu ya vyuma vya ngazi na kuangushwa kwenye saruji kila siku, kipigo ambacho alumini haikivumilii muda mrefu. Kinachofaa ni chuma cha kromoli, kile kinachoandikwa 4130. Umbali kutoka ekseli ya pedeli hadi ya gurudumu la nyuma ukiwa karibu inchi 13, gurudumu la mbele hunyanyuka bila shida. Ukipita 14, mikono huanza kulipa. Pembe ya shingo ya nyuzi 75 hivi huufanya usukani uwe mwepesi kugeuka. Warukaji wa vilima vya udongo hupendelea shingo iliyolala kidogo, karibu 74, kwa ajili ya utulivu. Wachezaji wa sakafu tambarare huchukua fremu fupi zaidi ya zote.

Bomba la juu hufuata kimo: watu wazima wengi hutumia inchi 20.5 hadi 21. Mrefu anayeazima kipimo cha rafiki mfupi atagonga magoti kwenye usukani.